Jinsi ya Kupima Vihatarishi vya Maumivu ya Misuli na Viungo kwa Wafanyakazi wa Kompyuta: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu umeandikiwa maafisa wa rasilimali watu, wanakamati wa usalama na wanafunzi wa afya wanaotumwa kupima ofisi za Kisumu na miji ya karibu, na ambao mara kwa mara hurudi na ripoti ya aina moja: hojaji iligawiwa, wafanyakazi wengi wakasema wanaumwa mgongo, na pendekezo likawa viti vipya. Viti hununuliwa, na baada ya miezi michache malalamiko huwa ni yale yale.

Kosa huanzia kwenye hojaji. Hojaji ya maumivu hupima maumivu, haipimi kihatarishi. Kihatarishi ni jambo lililo katika kazi, katika samani au katika mpangilio wa siku ambalo huongeza uwezekano wa mtu kuumia. Karani wa miaka 23 aliyeajiriwa mwezi uliopita anaweza kukalia kihatarishi kikubwa bila kuumwa popote leo, ilhali mwenzake anaumwa kiuno kwa sababu ya jembe la Jumamosi. Maumivu na vihatarishi vinapaswa kupimwa kando kando, kisha kulinganishwa.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Utepe laini wa kupimia wa sentimita 150, ule wa fundi wa nguo.
- Kipimapembe. Kile cha plastiki kinachouzwa pamoja na bikari za wanafunzi kinatosha.
- Simu yenye kamera, pamoja na kitu cha kuisimamishia.
- Vibandiko vidogo vya rangi.
- Nakala za hojaji ya maumivu ya Nordic, iliyochapishwa mwaka 1987, ambayo huuliza kuhusu sehemu 9 za mwili.
- Nakala za fomu ya ROSA, inayopima vihatarishi kwa alama, iliyotungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 2012 mahususi kwa kazi za kompyuta za ofisini. Wapo wanaotumia RULA, fomu ya kupima mkao ya mwaka 1993, nayo ni nzuri, lakini haiulizi lolote kuhusu kiti, skrini wala simu.
- Fomu za ridhaa.
- Rimu tatu au nne za karatasi. Rimu moja ya karatasi 500 za gramu 80 ina unene wa takriban sentimita 5, na utaitumia kama kifaa cha majaribio.

Kwa ofisi ya watu 15, tenga siku nne za kazi. Anayekuahidi kuimaliza kwa asubuhi moja anakusudia kugawa hojaji na kuondoka.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa, na ulinde siri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari, na penye wafanyakazi 20 au zaidi humtaka aunde kamati ya usalama na afya. Ikiwa kamati ipo, pitia kwayo, kwa sababu ndiyo itakayobaki na ripoti ukishaondoka.

Taarifa za afya ya mtu ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa hiyo mpe kila mfanyakazi nambari, uhifadhi orodha ya majina mbali na majibu, na umweleze meneja mapema kwamba hataonyeshwa majibu ya mtu mmoja mmoja. Omba ridhaa ya picha kando na ridhaa ya maswali, maana mtu anaweza kukubali moja na kukataa nyingine.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Mfanyakazi wa mkataba anayehofia kwamba mkataba hautaongezwa atakuandikia kuwa hana shida yoyote. Ikiwa umeeleza haya yote na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali au kukataa kupigwa picha, shuku kwamba wameamriwa kushiriki, na uzungumze nao tena meneja akiwa hayupo.

## Hatua ya 2: Chagua wiki, tangaza wiki, usitangaze saa

Usipime wakati ofisi imelala. Katika ofisi inayoshughulikia bajeti au kodi, Juni si mwezi wa kawaida, kwani mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, nayo ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha taarifa zao za kodi. Panapolipwa mishahara, wiki ya mwisho wa mwezi ina mzigo wake. Ukiweza, pima wiki moja ya kawaida na nyingine ya pilkapilka. Ukiwa na nafasi ya wiki moja tu, chukua ya kawaida, kisha uulize kwa kina kuhusu ile nyingine.

Jambo la saa nililijifunza kwa aibu. Katika ofisi moja mjini Kisumu nilikubali meneja abandike tangazo lenye siku na saa ya ziara yangu. Nilikuta meza zimefutwa, migongo imenyooka kama askari wa gwaride, na simu zote zimetulia mezani. Alama zangu zilikuwa nzuri ajabu, huku hojaji za watu wale wale zikieleza shingo zisizolala usiku. Niliporudi wiki iliyofuata bila kutaja saa, nilimkuta mhudumu wa wateja amebana simu kati ya sikio na bega huku akichapa kwa mikono miwili.

## Hatua ya 3: Uliza kuhusu maumivu kwa maneno yanayoeleweka

Kwa kila sehemu ya mwili, hojaji ya Nordic huuliza mambo matatu: kama mtu amepata maumivu au usumbufu katika miezi 12 iliyopita, kama tatizo hilo lilimzuia kufanya kazi zake za kawaida katika kipindi hicho, na kama amelipata katika siku 7 zilizopita. Swali la pili ndilo linalopuuzwa zaidi, ilhali ndilo linalotenganisha uchovu wa kawaida na tatizo linalomrudisha mtu nyumbani.

Tafsiri ndiyo huharibu hojaji nyingi. Kwa Kiswahili, "mkono" ni kuanzia begani hadi ncha za vidole, na "mguu" ni vivyo hivyo kuanzia nyonga hadi unyayo. Mtu akikuambia "mkono unaniuma", hujajua kama ni bega, kiwiko au kifundo. "Mgongo" nao hubeba sehemu ya juu na ya chini, ingawa wengine huitenga ya chini na kuiita "kiuno". Usitegemee maneno pekee. Chora umbo la mtu anayeonekana kwa nyuma, gawanya sehemu 9 (shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono na viganja, mgongo wa juu, mgongo wa chini, nyonga na mapaja, magoti, vifundo vya miguu na nyayo), zipe nambari, kisha mwombe mtu aguse mchoro kwa kidole.

Uliza pia ni vidole gani hufa ganzi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ile inayomwamsha mtu usiku, huelekeza kwenye mshipa wa fahamu unaobanwa katika kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete huelekeza zaidi kwenye kiwiko, mara nyingi kwa mtu anayeegemea ukingo mgumu wa meza. Wewe si tabibu na hutoi jina la ugonjwa, lakini dalili hizi zitakuonyesha pa kutazama katika Hatua ya 5.

Tahadhari. Mtu akieleza kwamba ameshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ana ganzi katika eneo la makalio na sehemu za siri, au mguu unakosa nguvu, usiendelee na hojaji. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ni hivyo pia kwa maumivu ya bega au mkono wa kushoto yanayoambatana na kifua kubana. Maumivu ya mgongo yenye homa au kukonda bila sababu nayo yanahitaji daktari, wala si kiti.

## Hatua ya 4: Pima mtu, kisha upime samani

Watu hukimbilia kupima meza. Kimo cha meza hakina maana hadi kilinganishwe na kimo cha mtu anayeitumia.

Mwambie mfanyakazi aketi akiwa na viatu vyake vya kazini, nyayo zimetulia sakafuni na magoti yamekunjwa nyuzi 90. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kisha kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko, mabega yakiwa yamelegea na mkono umekunjwa nyuzi 90. Baada ya hapo pima kimo cha kiti, na ukipime mtu akiwa amekikalia, kwa sababu sponji hubonyea na vipimo vya kiti kitupu hudanganya. Pima kimo cha kibodi kwenye vitufe vyenyewe, si kwenye ubao wa meza.

Chukua mfano wa karani ambaye kiwiko chake kiko sentimita 64 kutoka sakafuni, na vitufe vya kibodi yake viko sentimita 75. Pengo ni sentimita 11. Asipopata msaada, ataliziba kwa kuinua mabega siku nzima, na misuli iliyokazwa kwa muda mrefu bila kulegea hupungukiwa damu na huchoka haraka kuliko ile inayotembea. Akiinua kiti kwa sentimita 11, mabega yanashuka lakini nyayo zinaning'inia, na ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja. Kinachokosekana hapo ni kibago cha kuwekea miguu cha sentimita 11, ambacho seremala wa soko la Kibuye mjini Kisumu atakitengeneza kwa vipande vya mbao zilizobaki. Kiti kipya cha bei ghali kisichoandamana na kibago kingemwacha karani huyu pale pale alipokuwa.

Kwa mtu mrefu mambo hugeuka: meza huwa chini mno, naye hujikunja kuifuata. Iinue meza kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake, na uhakikishe haiyumbi.

Vipimo vilivyobaki havichukui muda. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya takriban sentimita 7.5, yaani upana wa vidole vinne. Egemeo la mgongo liguse mgongo wa chini, likiwa limelala kati ya nyuzi 95 na 110. Skrini iwe umbali wa sentimita 40 hadi 75 kutoka machoni, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho au chini kidogo. Anayevaa miwani ya lenzi mbili ashushiwe skrini zaidi. La sivyo atainua kidevu mchana kutwa ili asome kwa sehemu ya chini ya lenzi, na shingo italipia.

Tahadhari kuhusu kipakatalishi. Skrini na kibodi yake vimeshikamana, hivyo ukiifaa shingo unaiumiza mikono. Usiinue kipakatalishi juu ya rimu za karatasi kabla ya kupata kibodi na kipanya vya kando.

## Hatua ya 5: Tazama kazi inapofanywa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba zoezi zima.

Mtembelee kila mfanyakazi mara tatu kwa nyakati tofauti, kwa mfano saa tatu na nusu asubuhi, saa sita kasoro, na saa kumi jioni. Kila mara kaa pembeni kwa dakika 15, na kila dakika inapotimia andika alichokuwa akifanya na mkao aliokuwa nao wakati huo huo. Utapata alama 15 kwa ziara, 45 kwa mtu. Kazi hii huchosha, nakubali, lakini inakueleza jambo ambalo mtu mwenyewe hawezi kukueleza, kwa kuwa watu wakiulizwa wanatumia kompyuta saa ngapi kwa siku mara nyingi hutaja muda mrefu kuliko ule halisi.

Dakika tano za mwanzo zitupe, kisha ndipo uanze kuhesabu zile 15. Mtu anayetazamwa hunyooka, kisha husahau.

Kwa waliokubali picha, weka vibandiko juu ya nguo begani na nyongani, na upige picha kutoka ubavuni, kamera ikiwa kwenye kimo cha bega. Ukipiga kutoka mbele au kwa kuinamisha simu, pembe utakazopima kwa kipimapembe zitakuwa za uongo.

Tazama haya kwa makini:

Kipanya kiko wapi? Kikisukumwa mbali na faili au kikombe cha chai, mkono hunyooka na bega hubeba uzito wake kwa saa nyingi. Hiki ni kihatarishi cha bure kabisa kukiondoa, nacho utakipata karibu kila ofisi.

Hati za karatasi ziko wapi? Anayenakili fomu iliyolala kushoto kwake hugeuza na kuinamisha shingo mamia ya mara kwa siku.

Jua liko wapi? Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi bila kupotoka sana. Dirisha la magharibi litaleta mng'ao jioni Januari na Julai vile vile. Zima skrini na uitazame: ukiona dirisha ndani yake, mfanyakazi naye huliona, na ndiyo sababu anainama au kukaa upande. Aliyepima asubuhi tu hatalijua hilo kamwe.

Feni iko wapi? Hili halimo katika fomu yoyote niliyowahi kujaza, lakini joto la Kisumu huwapanga watu kuliko ramani ya ofisi. Nimeona watu wakihamisha viti kuufuata upepo wa feni na kuiacha kompyuta ilipokuwa, kisha wakafanya kazi kiwiliwili kimepinda hadi jioni. Ukimwambia mtu kama huyo "kaa vizuri" bila kuigusa feni, umepoteza pumzi zako.

Umefaulu ikiwa unaweza kueleza siku ya kila mtu kwa sentensi mbili bila kufungua daftari.

## Hatua ya 6: Jaza fomu ya ROSA

Jaza fomu baada ya kutazama, si kabla. Fomu ina sehemu tatu: kiti, skrini na simu, kipanya na kibodi. Kila kasoro huongeza alama, na kifaa kisichorekebishika huongeza nyingine.

Wengi hukosea kwenye marekebisho ya muda. Kifaa kikitumiwa zaidi ya saa 4 kwa siku, au zaidi ya saa 1 mfululizo, ongeza 1. Kikitumiwa saa 1 hadi 4 kwa siku, au dakika 30 hadi saa 1 mfululizo, usiongeze wala kupunguza. Kikitumiwa chini ya saa 1 kwa siku na chini ya dakika 30 mfululizo, toa 1. Muda huu uutoe katika alama zako za Hatua ya 5, si katika kumbukumbu ya mfanyakazi.

Alama ya mwisho huwa kati ya 1 na 10, na 5 ndicho kiwango kilichopendekezwa cha kuchukua hatua. Hata hivyo, usiandike alama ya mwisho peke yake. Watu wawili wenye 6 wanaweza kuwa na matatizo yasiyofanana hata kidogo, mmoja kwa kiti na mwingine kwa simu, na anayesoma nambari moja atawanunulia wote kiti.

Ukiweza, mwenzako ajaze fomu yake kwa watu watatu wale wale bila kuona yako. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama 1, rudini kwenye maelezo ya fomu pamoja kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 7: Uliza yasiyopimwa kwa utepe

Mzigo wa kazi, makataa mafupi na kukosa uamuzi juu ya kazi yako mwenyewe ni vihatarishi kamili, ingawa havionekani kwenye picha. Mtu aliyebanwa hukaza mabega na husahau kuinuka.

Uliza maswali ya wazi, mkiwa wawili tu. Ni nani hushika nafasi yako ukiinuka? Ukitaka kwenda msalani unamwomba nani? Mara ya mwisho ulikula chakula cha mchana mbali na meza yako ilikuwa lini? Swali la pili huleta majibu mazito, hasa kwa wanaokaa kwenye kaunta yenye foleni.

Uliza pia kuhusu maisha ya nje bila kuhukumu: kilimo cha wikendi, safari ndefu ya matatu au pikipiki kila siku, mtoto mdogo wa kubebwa, kazi ya pili ya kompyuta usiku, ujauzito, ajali ya zamani.

## Hatua ya 8: Linganisha

Tengeneza jedwali moja: kila mtu mstari mmoja, na safu za maumivu, alama za ROSA kwa kila sehemu, muda wa mfululizo, na majibu ya Hatua ya 7. Kisha tafuta kama maumivu na kihatarishi vinakutana katika sehemu ile ile ya mwili, kwa mfano kipanya cha mbali na bega la upande huo huo.

Vikikutana, hapo ndipo pa kuanzia. Kihatarishi kikiwepo bila maumivu, kirekebishwe pia, usingoje mtu aumie. Maumivu yakiwepo bila kihatarishi cha kuyaeleza, usilazimishe uhusiano. Mtu huyo aelekezwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa mfano katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.

Usihesabu asilimia kwa ofisi ya watu 14. "Asilimia 50" yako ni watu 7, na mmoja akihama inabadilika. Andika idadi kamili. Usidai pia kwamba umethibitisha chanzo, kwa sababu umepima maumivu na vihatarishi kwa wakati mmoja, na hujui kipi kilitangulia.

Waulize rasilimali watu ni nani waliohamishwa, waliojiuzulu au waliochukua likizo ndefu ya ugonjwa mwaka uliopita. Walioumia zaidi huenda hawako ofisini kujaza hojaji yako, na bila wao ofisi itaonekana na afya kuliko ilivyo.

## Hatua ya 9: Jaribu marekebisho, kisha upime tena

Anza na yasiyo na gharama: sogeza kipanya, geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, inua skrini kwa rimu hadi upate kimo sahihi, hamisha feni, panga zamu ya kaunta ili kila mtu aweze kuinuka kwa dakika chache kila baada ya nusu saa. Baada ya hapo ndipo uagize vibago na vipokea sauti vya kichwani. Viti viwe vya mwisho, na viagizwe kwa vipimo vya Hatua ya 4.

Jaza ROSA upya siku ile ile ya marekebisho. Alama ishuke papo hapo, vinginevyo hujagusa kihatarishi ulichodhani umekigusa. Maumivu yape wiki sita, kisha uulize swali la siku 7 pekee. Ukirudia swali la miezi 12, utahesabu tena maumivu ya kabla ya marekebisho, na utaripoti kwamba hakuna kilichobadilika.

ROSA ikishuka na maumivu yakabaki pale pale, usirudi dukani kutafuta viti vingine. Rudi kwenye majibu ya Hatua ya 7, na uombe kikao na anayepanga zamu.